Programu Huria Ihifadhiwe Wapi?

Programu huria ni ile ambayo maandishi yake yamewekwa wazi ili kila mtu apate kuyasoma, kuyarekebisha na kuyagawa. Vijana wanapoanzisha programu ya namna hiyo, aghalabu huiweka penye watu wengi wakaendelea na kazi. Lakini historia yaonyesha kwamba suala la mahali lataka kufikiriwa mapema.

Mwaka 2002 watengenezaji wa Linux walianza kutumia BitKeeper, chombo cha kampuni binafsi, kutunzia kumbukumbu za kazi yao. Mwaka 2005 ruhusa ya kukitumia bure iliondolewa. Ndipo Linus Torvalds alipotunga Git, ambayo humpa kila mshiriki nakala kamili ya programu pamoja na historia yake. Seva ikizimika, kazi haipotei, maadamu nakala ingalipo kwa mshiriki mmojawapo.

Hata hivyo, Git haibebi kila kitu. Taarifa za hitilafu na mijadala ya washiriki hukaa katika seva ya mwenye huduma, naye aweza kubadili nia. Gitorious ilifungwa mwaka 2015, na Google Code mwaka 2016. GitHub, iliyoanzishwa mwaka 2008 na kununuliwa na Microsoft mwaka 2018, iliwazuilia watumiaji wa Iran, Syria na Crimea baadhi ya huduma zake mwaka 2019 kwa sababu ya vikwazo vya Marekani. Watumiaji wa Iran walirudishiwa huduma hizo mwaka 2021. Kazi yao haikuwa na kosa. Kilichowaponza ni mahali walipoishi.

Je, yapasa kuikimbia GitHub? La. Huko ndiko waliko washiriki wengi, na programu isiyoonekana haipati wasaidizi. Kuendesha seva ya binafsi nako kwataka fedha, umeme usiokatika na mtu wa kuilinda. Shule nyingi haziuwezi mzigo huo. Tena zipo huduma kama Codeberg, inayoendeshwa na chama kisichotafuta faida mjini Berlin.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza kisiwe umaarufu wa mahali, bali wepesi wa kuhama. Kundi jipya laweza kuanzia penye watu wengi, lakini kwa masharti. Anwani ya mradi iwe mali ya kundi lenyewe. Nakala kamili ipelekwe kila mara mahali pa pili, chini ya mwenye huduma mwingine. Sababu za maamuzi makubwa ziandikwe ndani ya mafaili ya programu, ili Git izibebe. Na nywila za kuingilia zisishikwe na mtu mmoja, maana mwanafunzi humaliza shule akaenda zake.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Huduma ya bure ni msala wa mwenyewe: yafaa kuutumia ungali umetandikwa, ilimradi mbacha wa nyumbani haukutupwa.