Mizani ya Hewa: Neno Letu Kuhusu Vigunduzi vya Gesi Viwandani



Mkulima wa chai anajua maana ya mizani iliyochezewa. Majani yake hupungua kilo mbele ya macho yake, naye hana la kujibu, kwa kuwa sindano imekwisha kusema. Ndiyo maana sheria hutaka mizani ya biashara ihakikiwe na kupigwa muhuri, na ndiyo maana watu wetu wamejifunza kuutafuta muhuri ule kabla ya kuweka kikapu juu ya mizani. Leo twataka kusema juu ya mizani nyingine isiyopima majani wala nyama. Hii hupima hewa. Imetundikwa katika chumba cha mitambo ya barafu cha kiwanda cha samaki, katika bohari la gesi ya kupikia, katika kituo cha maji kinachotumia klorini, katika ghala la matangi ya kiwanda cha pombe. Mafundi huiita kigunduzi cha gesi. Ni kisanduku kisichohama, chenye kihisi ndani yake, na waya unaokwenda hadi kwenye paneli yenye taa na king'ora. Kazi yake ni kupiga kelele kabla mtu hajafa.

Neno letu ni hili. Mwajiri anayekitundika kisanduku hiki kisha akakisahau ametenda kosa kubwa kuliko yule ambaye hakukinunua kabisa. Mfanyakazi wa huyu wa pili anajua kwamba hana mlinzi, naye huingia chumbani kwa hofu na kwa tahadhari. Mfanyakazi wa yule wa kwanza huingia akipiga mluzi, kwa sababu ameiona taa ya kijani.

Wako watakaosema kwamba tumevuka mpaka, kwamba mambo ya ufundi tuwaachie mafundi. Tungewaachia kwa furaha. Lakini ufundi huu si mgumu kiasi cha kumshinda mtu aliyesoma kitabu cha mizani ya ushirika, na tutaueleza hapa ili asiwepo wa kutufumba macho kwa maneno makubwa.

Kihisi kinachotumika sana kwa gesi zinazowaka ni shanga ndogo inayopashwa moto kwa umeme. Gesi ikiifikia huungua juu yake, joto la shanga hupanda, na paneli husoma ongezeko lile. Sasa shanga hii hulishwa sumu kwa urahisi. Mvuke wa silikoni, ile iliyomo katika baadhi ya grisi, gundi za kuzibia nyufa na dawa za kung'arishia, huifunika hata isiweze tena kuunguza kitu. Na hapo paneli husoma nini? Husoma sifuri. Ndugu, tafadhalini mkae na jambo hili kidogo. Sifuri ya hewa safi na sifuri ya kihisi kilichokufa ni sifuri ile ile. Waya ukikatika, paneli huonyesha hitilafu. Kihisi kikilishwa sumu, paneli hunyamaza na taa ya kijani huendelea kuwaka. Vihisi vya gesi za sumu, kama vya amonia au kaboni monoksaidi, vina tatizo lao. Vingi hufanya kazi kwa maji ya kikemia yaliyofungiwa ndani, ambayo hukauka na kuchakaa baada ya miaka miwili au mitatu hivi, hata kama havijakutana na gesi siku moja.

Njia ya kujua kama kihisi ki hai ni kukipa gesi yenyewe. Fundi huja na mtungi mdogo wa gesi iliyopimwa, wenye cheti na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kwanza huhakikisha kwamba kisanduku kinasoma sifuri katika hewa safi. Kisha hukifunika kihisi kwa kikombe chake, hufungulia gesi kwa mkondo uliowekwa na mtengenezaji, na hungoja. Ikiwa gesi ya mtungi ni nusu ya kiwango cha chini cha kuwaka, paneli nayo yapaswa kusema nusu. Isiposema hivyo hurekebishwa, na ikishindikana kurekebishwa, kihisi hutolewa na kingine huwekwa. Hiyo ndiyo kalibresheni, nayo huchukua dakika chache kwa kila kihisi. Watengenezaji wengi huagiza ifanywe kila baada ya miezi 3 au 6, na mapema zaidi penye vumbi na mvuke mwingi. Mwisho wa yote hubandikwa karatasi yenye tarehe na jina la aliyeifanya.

Dhidi ya kazi hii ya dakika chache tumeona hila za kila namna. Yuko anayebonyeza kitufe cha majaribio, king'ora kikalia, akaandika kitabuni kwamba vyote ni salama. Kumbe alichokijaribu ni king'ora tu, kihisi hakikuguswa. Yuko anayekipulizia kihisi gesi ya kiberiti cha sigara. Hakika king'ora kitalia, lakini hakuna ajuaye kililia kwa kiasi gani, na kipimo kikubwa kupita kiasi chaweza kuiharibu shanga yenyewe. Mwingine hutumia mtungi wa methani kukisahihisha kisanduku kinacholinda gesi ya kupikia, bila kufanya hesabu ya tofauti baina ya gesi hizo mbili. Na yuko yule tunayemhuzunikia kuliko wote, fundi maskini anayelipwa kwa sahihi yake tu, ambaye hafiki hata chumbani.

Tena kuna jambo la mahali. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka na kutambaa sakafuni kama maji, ikitafuta mfereji na shimo. Kisanduku chake hutakiwa kuwa chini, kiasi cha sentimita 30 kutoka sakafuni. Methani ni nyepesi, nayo hutafutwa darini. Amonia ni nyepesi pia, lakini ikitoka ingali kimiminika baridi hufanya ukungu unaolala chini kwanza, ndiyo maana wajuzi hawaridhiki na kisanduku kimoja mahali pamoja. Sisi wenyewe tuliwahi kuingizwa katika bohari moja la gesi ya kupikia, tusilolitaja, tukaonyeshwa kwa fahari kigunduzi kilichotundikwa juu ya mlango. Palikuwa mahali pazuri sana pa kuonekana na mkaguzi. Kwa gesi inayojaa kuanzia miguuni, kisanduku kile kingekuwa cha mwisho kupata habari. Nacho kilikuwa bado kimevikwa mfuko wa nailoni tangu ukuta ulipopakwa rangi.

Twajua majibu tutakayopewa. La kwanza ni kwamba pua inatosha. Mwenye kusema hivyo hajasikia habari za haidrojeni salfaidi, gesi ya mashimo ya maji machafu na ya viwanda vya ngozi. Ikiwa kidogo hunuka kama yai bovu. Ikifika kiasi cha sehemu 100 kwa milioni huiua pua kwanza, na mtu hudhani kwamba gesi imeondoka, kumbe imeongezeka. Huzidi kushuka shimoni, na mwenziwe humfuata kumwokoa, wakalala wote wawili. Kaboni monoksaidi haina harufu hata chembe. Na hata amonia, ambayo kila pua huijua, itanuswa na nani saa nane za usiku katika chumba kisicho na mtu?

Jibu la pili ni kwamba king'ora husumbua na kusimamisha kazi. Hili tunalichukua kwa uzito, kwa sababu ndilo lililoua watu 29 katika mgodi wa makaa ya mawe wa Pike River huko New Zealand, tarehe 19 Novemba 2010. Tumeutafuta mfano wa mbali kwa kusudi, kwa maana mgodi ule ulichunguzwa na tume ya kifalme iliyotoa taarifa yake mwaka 2012, na hakuna awezaye kusema kwamba tunasingizia mtu. Kihisi cha methani kilichokuwa chini ya shimo kuu la kutolea hewa kiliharibika mwezi Septemba, kikaachwa bila kutengenezwa. Kingine kilichokuwa upande wa juu hakikuwa kikisema kweli. Pamoja na upofu huo, habari hazikukosekana. Katika siku 48 kabla ya mlipuko ziliandikwa taarifa 21 za methani kufikia kiwango cha kulipuka, na nyingine 27 za viwango vya chini zaidi lakini vya hatari, hadi asubuhi ya siku yenyewe. Tume ilisikia pia kwamba vihisi vya mashine vilizimwa ujanja na wafanyakazi wenyewe ili mashine zisisimame. Kampuni ilikuwa katika dhiki ya fedha, makaa yalikuwa yamechelewa, na kulikuwa na bonasi mbele. Mchana ule wanaume wawili tu walitoka kwa miguu yao.

Msiseme, basi, kwamba walijiua. Mtu anayekiziba kihisi kwa mkono wake amesukumwa na mtu mwingine aliyehesabu dakika zilizopotea na ambaye hakuhesabu kitu kingine. Paneli huwekwa ilie mara ya kwanza gesi ikifika, kwa kawaida, asilimia 10 au 20 ya kiwango cha chini cha kuwaka, kisha tena penye 40 hivi. Gesi ya kupikia huweza kushika moto ikiwa takriban sehemu 2 katika 100 za hewa, methani takriban 5. Nafasi hiyo kati ya mlio na moto imetengwa kwa ajili ya uhai wa watu. Meneja anayeamuru kazi iendelee king'ora kikilia huitumia nafasi hiyo kama mali yake.

Jibu la tatu ni gharama. Mtungi wa gesi ya majaribio hununuliwa kwa fedha, na fundi mwaminifu hula jasho lake, hatukatai. Lakini gharama hiyo ilijulikana siku kisanduku kiliponunuliwa.

Wala jambo hili si la ndani ya ukuta wa kiwanda. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, huko Embakasi, Nairobi, gesi ililipuka katikati ya makazi ya watu. Wengine wakafa, mamia wakajeruhiwa, na wengi wao walikuwa nyumbani mwao. Hawakuwa wafanyakazi wa mtu. Gesi haiulizi nani ameajiriwa na nani ni jirani.

Nasi tusinyooshe kidole tukajisahau. Shule zetu za bweni na hospitali zetu zina majiko yenye mitungi mikubwa iliyofungwa pamoja nyuma ya jiko. Viongozi mnaokaa katika halmashauri za taasisi hizo, ulizeni huko kwanza.

Sheria iko. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 ya Kenya hutaka mahali pa kazi penye watu 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, na humpa mfanyakazi wajibu wa kuitaja hatari anayoiona. Tunachodai ni kwamba kamati hizo zisiwe za kupigwa picha tu. Kalibresheni na ifanywe mbele ya mjumbe wa wafanyakazi, ayaone maandishi ya mtungi na namba ya paneli kwa macho yake. Cheti kibandikwe mlangoni, kisifungiwe kabatini. Na kihisi kikitolewa kwa matengenezo, chumba kile kisiingiwe mpaka pawepo kipimo kingine cha mkononi.

Kila jumuiya ndogo ndogo ina watu wanaofanya kazi penye visanduku hivi. Tunawaomba juma hili watazame mambo matatu: tarehe iliyo kwenye kibandiko, gesi gani inalindwa pale, na kama kisanduku kiko juu au chini. Wayaandike na kumpa katibu wa haki na amani wa jumuiya yao kabla ya mkutano wa mwisho wa mwezi. Anayeogopa kupoteza kazi asiandike jina lake. Aandike jina la mahali tu, nasi tutakwenda kuuliza kwa jina letu.