Vioo vya kuazima, breki za kubahatisha

BARAZANI na Selemani Kidaya

Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani ikikaribia, vijiwe vya bodaboda huingiwa na adabu ya ghafla. Pikipiki ambayo mwaka mzima haikuwa na kioo hata kimoja inaota viwili. Honi iliyokuwa bubu inalia. Helmeti ya abiria, ile ambayo siku zote hushinda imetundikwa kwenye kibanda cha chipsi, inatokea imefutwa vumbi. Chombo kinapelekwa kwa trafiki, kinakaguliwa, stika inabandikwa, na jioni hiyohiyo vioo vinafunguliwa kumpelekea dereva mwingine ambaye zamu yake ni kesho.

Sina ugomvi na ukaguzi. Ninachogombana nacho ni mazoea yetu ya kuiandaa pikipiki kwa ajili ya macho ya askari, na macho hayo, kwa foleni inayomsubiri siku hiyo, huishia kwenye vitu vya juujuu. Pikipiki mpya inaweza kupita ukaguzi wa namna hiyo na isimdhuru mtu, kwa sababu visivyoonekana bado ni vizima. Iliyochakaa haina bahati hiyo.

Tazama zinavyofika mikononi mwa vijana. Tajiri ananunua Boxer au TVS mpya, anamkabidhi kijana kwa mkataba. Kijana analeta hesabu kila siku, mvua jua, mpaka fedha waliyokubaliana itimie, ndipo pikipiki iwe yake. Muda wote huo wanategeana. Tajiri anasema matengenezo ni ya dereva. Dereva anajiambia chombo bado si changu. Tairi linangoja, cheni inangoja. Siku ya makabidhiano kijana anapokea kitu kilichobeba mishikaki ya abiria, magunia ya mkaa na mifuko ya saruji, na pengine dramu zake hazijawahi kufunguliwa. Yaani inakuwa mali yake siku ileile inapoanza kudai spea.

Nianze na breki, maana ndiko uliko ujanja mwingi. Pikipiki nyingi za kazi zina breki ya dramu nyuma, na baadhi hata mbele. Ndani mna shuu mbili zinazotanuliwa na kamu kila unapokanyaga. Kwenye Honda, na kwenye nyingi zilizoigwa kutoka kwake, kuna mshale mdogo kwenye mkono wa breki, nje kabisa, na alama kwenye sahani ya dramu. Mwambie mwenzako akanyage mpaka mwisho, wewe chuchumaa utazame. Mshale ukigusa alama, shuu zimekwisha. Hufungui kitu, humlipi mtu.

Sasa wapo mafundi ambao nati ya kukazia breki ikifika mwisho wa uzi, huchomoa ule mkono, wakausogeza jino moja, wakaurudishia. Breki inashika vizuri tu na mteja anaondoka akishukuru. Kilichofanyika ni kuiruhusu kamu izunguke kupita kiwango ilichotengenezewa. Shuu zikizidi kulika, kamu inaweza kupinduka, na gurudumu la nyuma likajifunga uko kwenye mteremko na mama wa watu nyuma. Mkaguzi akiikanyaga breki hiyo ataikuta ngumu, ataiandika nzima. Shuu nazo ni miongoni mwa spea za bei ndogo kuliko zote dukani. Sijaelewa mpaka leo kwa nini mtu afanyiwe ujanja wa kukwepa kitu cha bei hiyo.

Kingine ambacho hakuna anayekigusa siku ya stika ni gololi za shingo, zile zinazobeba usukani. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, mtu akalie nyuma ili gurudumu la mbele lielee, kisha zungusha usukani polepole, kushoto hadi kulia, kwa kidole kimoja. Ukihisi unanasa kidogo katikati, hapo ulipo wakati wa kwenda mbele moja kwa moja, gololi zimeshachimba vishimo kwenye vikombe vyake. Pikipiki hiyo huyumba kwenye mwendo, na dereva hudhani ni upepo au ni barabara. Ukiwa papo hapo, shika gurudumu juu na chini ulitikise. Likicheza, beringi zimekwisha. Gonga spoku moja moja kwa spana. Iliyokaza inalia, iliyolegea inatoa sauti ya kufa. Kazi yote hiyo inaisha kabla chai haijapoa.

Cheni wengi wanaijua, basi nipite haraka. Ipime katikati, iwe na mchezo wa sentimita 2 au 3 hivi (kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye kauli ya mwisho), na uzungushe gurudumu ukipima sehemu kadhaa, kwa kuwa cheni kuukuu hailegei sawasawa. Ukiikaza kwa kufuata sehemu iliyolegea, ile iliyokaza itakuja kula beringi. Meno ya sproketi yakishachongoka na kulala upande mmoja, badilisha seti nzima.

Kwenye tairi watu hudanganyana mchana kweupe. Tairi la pikipiki huisha katikati kwanza, pembeni kashata zikabaki, na zile za pembeni ndizo anazoonyeshwa askari. Tazama pia tarakimu nne zilizogandamizwa ubavuni mwa tairi: 2316 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Lina kashata, ndiyo, lakini mpira umeshakakamaa.

Taa za pikipiki kuukuu mara nyingi haziuguzwi na balbu. Ugonjwa ni ethi: waya unapofungwa kwenye fremu pana kutu. Kipande cha msasa na dakika chache, taa iliyokuwa njano inarudi kuwa taa. Jaribu taa ya breki mara mbili, kwa mkono na kwa mguu, kwa sababu kila breki ina swichi yake na mara nyingi ya mguu ndiyo iliyokufa. Indiketa zikiwaka bila kupepesa, angalia betri kabla hujanunua frasha. Na zile taa kali za kununua mtaani, zinazofungwa mbele kufidia taa hafifu ya kampuni, kwangu mimi zingetosha kumnyima mtu stika. Zinampofusha anayekuja.

Mwenye pikipiki ya zamani ana faida moja kubwa. Honda walipoitoa CG125 katikati ya miaka ya 1970, waliilenga kwa watu wasio na nafasi ya kuitunza: injini rahisi, cheni iliyofunikwa. Viwanda vya China vikaiiga injini hiyo miaka na miaka, na ndiyo iliyokuja kwetu ndani ya majina mengi tuliyoyazoea. Kwa hiyo spea zake ziko mpaka maduka ya wilayani, na fundi wa chini ya mwembe anaifahamu kwa kupapasa. Pikipiki kama hiyo haina sababu ya kufeli ukaguzi wa kweli.

Ukaguzi wa kweli ndio tunaoukosa. Uingereza pikipiki ikifikisha miaka 3 huanza kukaguliwa kila mwaka. Mkaguzi wa kule hafungui kitu: anatazama, anashika, anatikisa, anapima. Kwa pikipiki inayozidi cc 50, kashata iliyo chini ya milimita 1 ni kufeli. (Ikitimiza miaka 40 bila kubadilishwa sana inasamehewa ukaguzi, ingawa mwenyewe bado ana wajibu wa kuiweka nzima. Wazee wa kule wana raha zao.) Mimi sitamani mashine zao. Natamani karatasi yao. Anayefeli huondoka na maandishi ya kilichomfelisha, akaenda nayo kwa fundi.

Jeshi la Polisi wanaweza kufanya hivyo kwa karatasi moja ya A4: vitu vinavyokaguliwa, kwa Kiswahili, vibandikwe kila kituo na kila kijiwe mwezi mzima kabla ya wiki yenyewe, vikiwemo mshale wa breki na shingo. Anayefeli apewe nakala yenye alama na siku za kurudi. Mkaguzi naye apewe idadi ya vyombo anayoweza kuimaliza bila kukimbizana, hata kama stika zitachelewa.

Bado kuna kadi ya pikipiki. Kwa aliyemaliza mkataba, jina lililomo mara nyingi ni la tajiri mpaka leo, na hati ya makubaliano iliandikwa kwenye daftari la shule. Nendeni TRA mkahamishe umiliki wakati tajiri yu hai na mnaelewana. Pikipiki ikikamatwa, anayetafutwa kwanza ni mwenye jina. Akifa, utaanza kujieleza kwa wajane na watoto ambao hawajawahi kukuona ukileta hesabu.