Majina Yao Yasiliwe na Mchwa

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo tumezoea kuwaambia wenye maduka na watunza fedha. Lakini iko mali moja isiyouzwa sokoni, nayo tunaiacha ipotee bila daftari huku tukiangalia. Mali hiyo ni majina ya watu wetu waliotutangulia, na hasa wale waliochukuliwa kwenda vitani wasirudi.

Tuutazame mwambao wa Ziwa Nyasa, kutoka Lituhi, kupita Liuli na Mbamba Bay, hadi Chiwanda karibu na mpaka wa Msumbiji. Mwezi wa Agosti 1914, siku chache tu baada ya vita kuanza Ulaya, meli ya Waingereza iliyoitwa Guendolen ilivuka ziwa na kuishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ambayo ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo hapo Liuli. Vitabu vya vita hupenda sana kuisimulia habari hiyo. Humtaja Rhoades, nahodha wa Kiingereza, na Berndt, nahodha wa Kijerumani, na kueleza jinsi walivyokuwa marafiki kabla ya siku hiyo. Hivyo manahodha wametajwa, na hata meli zenyewe, vyombo vya chuma, zimehifadhiwa majina yao. Je, majina ya watu wa mwambao huo waliovutwa katika vita kwa miaka minne iliyofuata, wakabeba risasi, chakula na majeruhi kwa vichwa na mabega yao, yako wapi?

Jibu ni kwamba wengi wao hawakuandikwa, na baadhi ya walioandikwa hawakuonekana kuwa wanastahili kukumbukwa. Hilo si dai la mtu mwenye chuki. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa yake yenyewe, ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa watu wa Afrika Mashariki na Misri. Mzungu aliyekufa alichongewa jina lake juu ya jiwe. Mpagazi wa Kiafrika alihesabiwa pamoja na mizigo. Hata Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927, ambayo sote tunaipita, ni sanamu ya mtu asiye na jina. Na mtaa wa Kariakoo umebeba hadi leo jina la kikosi cha wapagazi, lakini mpagazi mwenyewe hatumjui.

Watakuwapo watakaouliza: ya nini kumtafuta mtu aliyevaa sare za mkoloni? Swali hilo ni halali, wala halifai kukwepwa. Katika Vita vya Majimaji, mwaka 1905 hadi 1907, walikuwapo askari Waafrika waliotumwa kuchoma maghala ya chakula cha Waafrika wenzao, na nchi ya Songea inakumbuka hadi leo mashujaa walionyongwa mwezi wa Februari 1906. Yawezekana kabisa ukoo ukafungua karatasi za zamani ukamkuta babu yake upande ambao usingependa kumkuta. Lakini historia ya taifa huru si shairi la kujisifu. Tunamtafuta mtu huyo ili tujue alichukuliwaje, kwa ahadi gani au kwa fimbo gani, na alitendewa nini baada ya kazi. Kumtaja mpagazi kwa jina si kuusifu ukoloni. Ni kumleta shahidi atoe ushahidi dhidi yake.

Nani basi awezaye kumtafuta? Hapa ndipo penye neno langu kwa walimu na watumishi wa umma. Karatasi peke yake haitoshi. Karani wa jeshi alikuwa na mtindo wa kuandika fulani bin fulani, hata kama mtu huyo hakuwahi kuitwa hivyo nyumbani kwake. Kijana wa Chiwanda aweza kuwa na jina alilopewa na bibi yake alipozaliwa, jina la pili alilobatizwa na wamisionari waliokuwa wakizunguka ziwani kwa meli kutoka kisiwa cha Likoma, na jina la tatu aliloandikiwa kambini. Aidha, mtu atafutaye Wilaya ya Nyasa au ya Mbinga katika majalada ya zamani hataipata, maana Wilaya ya Nyasa imeanzishwa mwaka 2012, na katika enzi za ukoloni nchi hiyo yote ilihesabiwa katika Songea. Tena watu wa mwambao huo walivuka ziwa kwa mitumbwi tangu kale. Vikosi vya kwanza na vya pili vya KAR vilikuwa vya Nyasaland, na kwa hiyo huenda habari za kijana wa upande wetu zimo katika nyaraka za Zomba, nchini Malawi, na wala si za Dar es Salaam.

Kumbukumbu ya mdomo nayo peke yake haitoshi. Mzee aweza kukutajia mababu zake mmoja baada ya mwingine bila kukosea, lakini akifika kwa yule aliyepotea vitani atakuambia tu kwamba alikwenda na hakurudi. Je, ni vita vya 1914, au ni vita vya 1939, ambapo zaidi ya vijana 80,000 wa Tanganyika waliingizwa jeshini na baadhi yao wakapelekwa hadi Burma? Mzee anajua jina na ukoo, lakini hajui mwaka. Karatasi ina mwaka na namba ya askari, lakini haimjui mtu. Viwili hivi vikikutana ndipo marehemu anapopata jina lake. Visipokutana wakati mzee angali hai, havitakutana tena.

Na mahali vinapoweza kukutana ni shuleni, katika ofisi ya kijiji na katika masjala ya wilaya. Mwalimu wa historia aweza kuwatuma wanafunzi wake waandike nasaba za koo zao, wakitaja majina yote ya kila mtu, kijiji alichotoka, jumbe aliyekuwa akitawala, na tukio lililokuwa karibu, kama vile njaa au kuvamia kwa nzige. Madaftari hayo yawekwe shuleni, yasitumike kufungia karanga. Mtunza masjala naye akumbuke kwamba Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 imeweka utaratibu wa kutunza nyaraka za serikali, wala haimpi mtumishi ruhusa ya kuzichoma eti kwa sababu kabati limejaa. Viongozi wa dini wanaotunza madaftari ya ubatizo na ndoa nao waombwe kwa heshima wayaweke mbali na mvua na mchwa, na wakubali yanakiliwe.

Serikali kwa upande wake haina sababu ya kuona haya kudai. Nyaraka za nchi hii zimetawanyika Uingereza na Ujerumani, na nakala zake ni haki yetu. Huko Cape Town, mwezi wa Januari 2025, ulizinduliwa ukumbusho wa vibarua wa jeshi zaidi ya 1,700, Waafrika weusi wa Afrika Kusini waliokufa katika vita vile vile vya kwanza, kila mmoja kwa jina lake, baada ya kusahauliwa kwa zaidi ya miaka mia moja. Kama imewezekana kule, kwa nini isiwezekane kwa watu wa Ziwa Nyasa?

Taifa letu liliwazika kwa heshima huko Kaboya, Mkoani Kagera, vijana wetu waliokufa katika vita vya 1978 na 1979. Tulifanya hivyo kwa kuwa tuliamini kwamba mtu hawi namba tu, hata akiwa maiti. Imani hiyo haiwezi kuishia kwa wale waliokufa tukiwa huru. Waliokufa tukiwa tunatawaliwa walikuwa na mama zao vile vile. Mwalimu aanze na darasa lake wiki hii, na mtumishi aanze na kabati lake. Mchwa hawangoji bajeti ya mwaka ujao.