Mshindi wa Runinga Bado Si Mshindi wa Kura

Makomredi, Wamarekani wakipiga kura, mjadala hosteli huwa ule ule: "Hawa CNN wamejuaje, na kura hazijaisha kuhesabiwa?" Wapo wanaoapa kwamba mambo yalishapangwa. Hapana bwana. Ni hesabu tu, ila hesabu nayo huteleza.

Kule hakuna tume ya taifa ya kumtangaza rais. Kila jimbo huhesabu kura zake na kuyaidhinisha matokeo wiki kadhaa baadaye. Pengo hilo limejazwa na vyombo vya habari. Huwahoji wapiga kura wakitoka vituoni au kwa simu, hufuata kura zinazotolewa kaunti baada ya kaunti, hulinganisha na uchaguzi uliopita, kisha hujiuliza: kura zilizobaki ziko wapi, na aliye nyuma anaweza kufikia? Wakiona hawezi, wanamtaja mshindi.

Sasa oneni kuteleza kwenyewe. Tarehe 7 Novemba 2000, stesheni kubwa za runinga zilimpa Al Gore jimbo la Florida wakati vituo vya magharibi mwa jimbo hilo, ambako saa ziko nyuma, havijafungwa. Baada ya saa mbili hivi zikajirudi. Saa nane usiku na ushei zikampa George W. Bush, na kabla ya kucha zikajirudi tena! Mwishowe tofauti rasmi ilikuwa kura 537. Na kwa nini zilikosea pamoja? Zilikuwa zinachota kisima kimoja, takwimu za shirika moja walilolimiliki kwa pamoja.

Mwaka 2020 walikuwa na subira zaidi. Kura zilipigwa tarehe 3 Novemba, Joe Biden akatajwa mshindi tarehe 7. Siku nne za kusema "bado".

Turudi nyumbani. Mwaka 2022, IEBC iliweka mtandaoni Fomu 34A za vituo zaidi ya 46,000, kila mtu azione. Runinga zetu zikaanza kujumlisha zenyewe. Kila moja ikaja na namba zake, kisha kasi ikapungua, na nyingine zikaacha kabisa. Kwangu, kosa halikuwa kujumlisha. Kosa lilikuwa kumwacha mtazamaji njia panda, kwa sababu vyombo vikinyamaza, uvumi hushika maikrofoni. Na sisi tunaojua Desemba 2007 ilitugharimu nini hatuwezi kuuchezea uvumi.

Kisheria, kumtangaza rais ni kazi ya mwenyekiti wa tume. Sawa. Hatuhitaji runinga itupe mshindi saa tatu usiku. Tunahitaji ituonyeshe hesabu: imejumlisha fomu ngapi, za wapi, na zipi bado. Ikisimama, iseme kwa nini. Na nyinyi wa takwimu na uanahabari, fomu zile ziko wazi. Agosti 2027 msingoje kuhesabiwa, jumlisheni wenyewe.