TAHARIRI: NANI AMELIPIA KARATASI HII?



Karatasi hii mnayoisoma mmeilipia ninyi. Wino na stensili zimetoka katika ada mnayokatwa kila mwezi, na atakaye kujua ni kiasi gani na aje kwenye mkutano wa tawi asomewe hesabu. Twaanza na neno hilo kwa sababu leo twataka kusema juu ya karatasi nyingine, zilizopigwa chapa vizuri kuliko hii, ambazo msomaji hajui kwa wepesi ni nani aliyezilipia.

Watu wa Kibokoni na Mji wa Kale wote waijua wakfu. Mtu hutoa nyumba yake, na pango lake likautunza msikiti au mayatima. Kila mtu mtaani ajua nyumba ile ni wakfu wa nani na pango lake laenda wapi. Huko Marekani matajiri nao wana wakfu zao. Tajiri huweka mali yake katika mfuko, serikali humpunguzia kodi, na sheria hudai kwamba mfuko utoe kila mwaka kadiri ya asilimia 5 ya mali hiyo kwa faida ya watu. Mingi hutoa kwa hospitali na shule. Lakini iko mingine, kama wa Bradley, wa Scaife na ile ya jamaa ya Koch, ambayo kwa miaka mingi imetoa fedha kwa kazi ya namna nyingine. Huwalipa wataalamu waandike makala na mawakili wapeleke kesi, ili maoni ya wahafidhina yashinde: kodi ya matajiri ipunguzwe, mali ya umma iuzwe, na vyama vya wafanya kazi vikatwe nguvu.

Wataalamu hao hukaa katika vituo vya utafiti. Mwaka 1955 Mwingereza Antony Fisher, aliyetajirika kwa kufuga kuku, alianzisha kimoja London. Mwaka 1973 Heritage Foundation ilianza Washington kwa fedha za Joseph Coors, tajiri wa bia. Mwaka 1981 Fisher akaanzisha Atlas, ambayo kazi yake ni kusaidia vituo vya namna hiyo vizaliwe duniani kote. Leo vituo vilivyo pamoja nayo vimepita 400.

Mtu atauliza, haya yatuhusu nini sisi watu wa reli na bandari? Yatuhusu. Huko Michigan kiko kituo kiitwacho Mackinac Center, kilichoanzishwa mwaka 1987, na miongoni mwa waliokipa fedha ni mifuko ya jamaa za Koch na DeVos. Mkuu wake kwa miaka mingi alikuwa Bwana Lawrence Reed. Huku kwetu Kenya mwalimu wa shule, Bwana James Shikwati, alisoma maandishi ya Bwana Reed, wakaandikiana barua, na mwaka 2001 Bwana Shikwati akaanzisha kituo chake Nairobi, kiitwacho Inter Region Economic Network. Mwaka 2005 alijulikana dunia nzima alipoliambia gazeti la Wajerumani, Der Spiegel, kwamba misaada kwa Afrika ikomeshwe.

Hatumlaumu Bwana Shikwati kwa kusema. Ana haki ya kusema, na katika neno lake la misaada iko kweli ambayo wengi wetu twaiona kwa macho. Lakini yafaa mfanya kazi ajue shule ile ya Michigan yafundisha nini nyumbani kwake.

Yafundisha hivi. Mwaka 2012 Mackinac Center ilikuwa mstari wa mbele kutaka sheria ya kwamba mtu apate faida za mkataba wa chama bila kuchangia hata senti. Sheria ikapita Desemba mwaka ule. Kisha tarehe 27 Juni 2018, katika kesi ya mtumishi wa serikali ya Illinois, Mark Janus, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, majaji 5 kwa 4, kwamba hakuna mtumishi wa umma awezaye kukatwa ada hiyo bila ridhaa yake. Kanuni iliyosimama tangu 1977 ikavunjwa. Mawakili wa kesi ile walitoka katika vituo vinavyolishwa na mifuko, na mfuko wa Bradley ni mmoja wa iliyotoa. Mara baada ya hukumu, Mackinac Center ikafanya kampeni ya kuwashauri watumishi watoke katika vyama vyao. Yote hayo huitwa uhuru wa mfanya kazi.

Sasa tutazame kwetu. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 49, yaruhusu asiye mwanachama akatwe ada kidogo ikiwa mkataba wa chama wamhusu. Maana yake, aliye kivulini na achangie kupanda mti. Kifungu hicho ndicho nguzo ya vyama vingi. Siku watakapokuja watu na kitabu kizuri cha kusema kwamba kifungu hicho chaonea uhuru, mjue neno hilo limeshatembea njia ndefu kabla ya kufika Mombasa.

Nasi wa reli twajua kwamba jambo huanza kwenye karatasi. Kabla reli haijakabidhiwa Rift Valley Railways mwaka 2006 kwa mkataba wa miaka 25, zilitangulia ripoti za kusema kwamba mwenye biashara ataiendesha vizuri kuliko umma. Mkataba haukufika hata nusu. Mwaka 2017 ulikwisha. Waliosaini ripoti hawakupoteza kazi.

Haki ni haki, basi tuseme na la kwetu. Vyama vya wafanya kazi navyo vimekula fedha za wageni. Solidarity House ya Nairobi ilijengwa kwa msaada wa vyama vya Marekani, na wapinzani wa Tom Mboya hawakuacha kumuuliza juu ya fedha hizo. Walikuwa na haki ya kuuliza. Hata mashirika yasemayo maneno tuyapendayo mengi hulipwa na mifuko ya Marekani, kama wa Ford. Swali ni moja kwa wote.

Kwa hiyo twataka mambo mawili. Kwanza, kila kituo kinachotoa utafiti juu ya mishahara, bandari au reli kiandike katika ukurasa wa mbele majina ya waliokipa fedha na kiasi chake. Mfuko uitwao DonorsTrust, ulioanzishwa Marekani mwaka 1999, huwawezesha matajiri kutoa bila majina yao kujulikana; jambo hilo tusilikubali hapa. Pili, chama chetu kisome hesabu zake kwa wanachama bila kungoja kuulizwa, la sivyo hatutakuwa na mdomo wa kuwauliza wengine.

Nawe ndugu, ukipewa karatasi uwasomee wenzako barazani, tazama kwanza nyuma yake. Wazee wetu walisema mtumi wa kunga haambiwi maana. Usikubali kuwa mtumi wa kunga juu ya mshahara wako mwenyewe.

Haba na haba hujaza kibaba. Lipeni ada.

UMOJA NI NGUVU.