Kompyuta ikizima kioo, dawa si bisibisi

Hewa ya bahari ya Mikindani haina huruma na vyuma. Chumvi na unyevu hula vitasa vya milango, hukwamisha feni na kuchosha vifaa vya umeme kabla ya wakati. Kompyuta za mezani za zamani, zile ambazo CPU na kioo vimejengwa katika kasha moja, nazo hazisalimiki. Mara nyingi kioo ndicho hutangulia kufa, huku mashine yenyewe ikiwa bado nzima.

Hapo familia huangukia katika moja ya makosa mawili. Mtoto huendelea kusomea kioo kilichofifia huku amekisogelea hadi pua inakaribia kukigusa, au kijana wa nyumbani huchukua bisibisi akafungua mashine.

Kosa la bisibisi ndilo la hatari zaidi. Ndani ya kasha, pamoja na kioo, kuna sehemu inayopokea umeme wa ukutani, na kapasita zake zinaweza kubaki na umeme hata baada ya waya kuchomolewa. Isitoshe, vioo vingi vya kabla ya 2010 vinamulikwa na mirija myembamba yenye zebaki kidogo. Mrija ukivunjika chumbani, watoto watolewe, madirisha yafunguliwe, na vipande vifutwe kwa kitambaa kibichi, si kwa ufagio.

Habari njema ni kwamba mara nyingi hakuna haja ya kufungua chochote. Kwanza, chumba kitiwe giza na kioo kimulikwe kwa tochi ya simu. Picha hafifu ikionekana, ni taa ya kioo iliyokufa, na kompyuta inafanya kazi. Pili, nyuma ya kasha litafutwe tundu la kutolea picha: HDMI au VGA, au Mini DisplayPort kwa iMac za kuanzia 2009. Tundu la HDMI lisomwe vizuri, kwa sababu baadhi huingiza picha tu. Linalohitajika ni lenye neno OUT. Lisipokuwepo, ipo adapta ya USB ya kutoa picha, ila programu yake iwekwe kabla kioo hakijazima kabisa.

Monita ya mtumba au televisheni ya nyumbani ikishaunganishwa, kwenye Windows vitufe vya Windows na P vikibonyezwa pamoja huleta orodha ya kuchagua picha itokee wapi.

Baada ya hapo ndipo afya inapopata nafasi yake. Monita ikae umbali wa mkono ulionyooshwa, ukingo wake wa juu ukiwa usawa wa macho au chini kidogo, ili shingo isiinamishwe wala kuinuliwa. Televisheni ni kubwa, hivyo mtumiaji arudi nyuma zaidi na maandishi yakuzwe. Dirisha liwe ubavuni, kwani mng'ao wa jua la pwani kwenye kioo huchosha macho. Kila baada ya dakika 20, macho yatazame kitu kilicho mita 6 au zaidi kwa sekunde 20. Anayekodolea kioo hupepesa macho mara chache, na ndiyo maana huwasha na kukauka.

Kioo hafifu huchosha macho, lakini hakipofushi. Hata hivyo, mtoto anayeendelea kusogelea hata monita nzuri huenda haoni vizuri mbali. Huyo apelekwe kupimwa macho, kwa mfano katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula mjini Mtwara.

Kasha la zamani litaendelea kufanya kazi pembeni, na bado linatoa joto. Lisifunikwe kitambaa cha urembo likiwa limewashwa. Siku likifa kabisa, lisichomwe na takataka uani, kwa kuwa moshi wa plastiki na waya ni sumu kwa mapafu ya nyumba nzima. Lipelekwe kwa fundi anayehitaji vipuri.