Wizi, mauaji na mapenzi ya Unguja

Mwezi Machi 2025 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja anayeishi Canterbury, alitoa Theft, riwaya yake ya kwanza tangu apewe Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Badar, kijana aliyewekwa utumishi katika nyumba ya watu Dar es Salaam, anasingiziwa wizi. Karim, mtoto wa mama mwenye nyumba, anamchukua Unguja, na huko anapata kazi hotelini. Ukimweka hapo na Fauzia, mke wa Karim, msomaji anaanza kupiga hesabu za moyo.

Waliokulia kwenye vitabu vya mpelelezi Bwana Msa hawatajiona wageni humu. Nyumba yenye siri na mtu anayeshukiwa bure ni mambo aliyoyashika mapema Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, ambaye Mzimu wa Watu wa Kale kilimpa ushindi wa shindano la uandishi kabla ya kuchapwa mwaka 1960. Bwana Ali, tajiri wa mashamba, ameuawa na maiti yake imekutwa mzimuni. Watu wanasema ni kazi ya mizimu. Bwana Msa anawasha kiko. Kiko hicho amekirithi kwa Sherlock Holmes, hilo halifichiki, ila mafumbo ya Abdulla hufunguka kwa kujua nani kazaliwa na nani, elimu ambayo London haikumfunza Holmes.

Wapenzi wa mahaba wamefunguliwa mlango na Shafi Adam Shafi. Katika Vuta n'kuvute, Yasmin anamkimbia mume mzee aliyeozwa, kisha anampenda Denge, mpinga ukoloni anayesakwa na Inspekta Wright. Kwa hiyo hata hapa polisi wapo! Amil Shivji aliigeuza kuwa filamu iliyoonyeshwa Toronto mwaka 2021, lakini anayeishia kwenye filamu anakosa Kiswahili chenyewe cha Shafi, na hiyo ni nusu ya utamu.

Gurnah huandika kwa Kiingereza. Paradise, riwaya yake ya 1994, ilitoka kwa Kiswahili mwaka 2022 kwa jina la Peponi, imefasiriwa na Ida Hadjivayanis, mhadhiri wa SOAS hapa London. Theft nayo inastahili mfasiri wa aina hiyo, tena mapema. Mchapishaji wa Peponi ni Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam, yuleyule wa Vuta n'kuvute. Anayerudi likizo na vyote viwili, pamoja na dagaa wake, begi halitazidi uzito.